Mke Wangu Acheze Judo? Kwanza Mfahamu Yolande

Hana medali ya Olimpiki, na pambano lake kubwa kuliko yote lilikwisha mapema. Lakini safari ya Yolande Mabika kutoka Bukavu hadi Rio ina somo kwa kila mwanamke mwenye ndoto, na kwa mwanaume anayeishi naye.

Hebu wahesabu wanawake unaowajua walioacha mchezo walioupenda mara tu walipovishwa pete. Netiboli ya shuleni, basketi ya chuoni, karate ya Jumamosi asubuhi. Wengi wao hakuna aliyewakataza waziwazi. Ni maneno madogomadogo tu. "Sasa wewe mke wa mtu." "Mtoto lini?" "Kwani unalipwa?" Basi raba zinaingia uvunguni mwa kitanda, na huko zinabaki.

Swali la namna hiyo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilikuwa Mafia kuandaa kurasa zetu za fungate. Siku moja tulikuwa kwenye boti na wanandoa wachanga kutoka Dar, Shungimbili ikiwa mbele yetu: kisiwa kidogo cha mchanga mweupe, katikati ya hifadhi ya bahari, ambacho wenye nazo hukikodi kizima wakae peke yao. Bei ya usiku mmoja tuliitaja kwa kunong'ona! Katika soga, yule dada, mfanyakazi wa benki, akasema amewahi kucheza judo na sasa anataka kurudi kwenye mashindano. Mumewe akacheka, akanigeukia.

"Dada, mwambie ukweli mwenzio. Kishakuwa mke wa mtu. Kwani ataleta medali ngapi?"

Mkewe akatazama maji. Hakujibu neno.

"Shemeji," nikamwambia, "ngoja nikusimulie habari za mwanamke ambaye Olimpiki hakuleta hata moja."

Binti wa Bukavu

Yolande Bukasa Mabika alizaliwa mwaka 1987 Bukavu, mji wa kando ya Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo. Akiwa bado mtoto, vita vikamtenganisha na familia yake. Alipelekwa kwa helikopta hadi Kinshasa, upande wa pili kabisa wa nchi, akakulia katika kituo cha watoto waliopotezana na ndugu zao. Huko ndiko alikoanza judo.

Kwa wasioujua mchezo huu: judo ilianzishwa na Mjapani Kano Jigoro mwaka 1882. Wapinzani wawili wanashikana makoti, na anayemwangusha mwenzake chali kwa nguvu na kasi anamaliza pambano palepale. Lakini mwanafunzi mpya haanzi na kuangusha. Anaanza na kuanguka. Anafundishwa kukunja kidevu, kuupiga mkeka kwa mkono ili kupunguza kishindo, kisha kusimama. Anarudia hivyo mara mia, mpaka mwili uache kuiogopa sakafu.

Mtoto aliyekuwa akililia wazazi wake alipata kitu hapo. Yolande mwenyewe amewahi kueleza kwamba judo haikumpa fedha, ila ilimpa moyo wenye nguvu.

Akapanda ngazi mpaka akaiwakilisha nchi yake. Usidhani maisha yakawa mteremko! Yeye na mwenzake Popole Misenga, naye pia mzaliwa wa Bukavu, wamesimulia kwamba mchezaji aliyeshindwa alikuwa akifungiwa na kupewa chakula kidogo. Jiulize: ukienda ulingoni huku unaogopa adhabu, huo bado ni mchezo?

Uamuzi wa Rio

Agosti 2013 wawili hao walifika Rio de Janeiro, Brazili, kwa mashindano ya judo ya dunia. Kwa maelezo yao, waliachwa hotelini bila fedha, bila chakula na bila pasipoti. Yolande akaamua kutoka. Lugha ya watu wa pale haijui, ndugu hana, senti hana. Alitangatanga mitaani mpaka akawapata Waafrika wenzake waliokuwa wakiishi katika mji huo.

Mwaka 2014 akatambuliwa rasmi kuwa mkimbizi. Baadaye mkeka ukamwita tena. Kocha mkongwe Geraldo Bernardes akampokea yeye na Popole katika taasisi ya Instituto Reação, iliyoanzishwa na Flávio Canto, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki ya 2004, kwa ajili ya vijana wa mitaa ya watu wa hali ya chini.

Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyomlea Rafaela Silva, binti wa mtaa maarufu wa Cidade de Deus. Rafaela aliondolewa kwenye Olimpiki ya London 2012 kwa kosa la kumshika mpinzani mguu, akatukanwa kwa rangi yake, nusura aache mchezo. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, katika mashindano yaleyale ya Rio yaliyomfikisha Yolande Brazili.

Siku mbili za Agosti

Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliunda timu ya wakimbizi. Walikuwa wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotokea kambi ya Kakuma nchini Kenya, na mkuu wa msafara alikuwa Mkenya Tegla Loroupe, yule bingwa wa mbio ndefu. Yolande aliingia kwenye timu hiyo katika uzito wa kilo 70.

Tarehe 8 Agosti Rafaela alitwaa dhahabu ya kilo 57, ya kwanza kwa Brazili katika michezo ile. Tarehe 10 Yolande akapanda mkekani dhidi ya Linda Bolder wa Israeli. Akaangushwa. Raundi ya kwanza tu, kwisha.

Sasa hapo ndipo wengi wetu tungesema: si unaona? Kapoteza muda! Lakini Yolande alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Kabla ya michezo alieleza matumaini yake kwamba huenda familia yake ingemwona na wakakutana tena. Jina lake lingetajwa na sura yake ingeonekana duniani kote. Niambie hiyo unaipima kwa medali ipi.

Na mlango ule haukufungwa. Popole alirudi kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 pamoja na wachezaji wengine watano wa judo wa timu ya wakimbizi. Mwaka 2024 jijini Paris, bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni, aliipatia timu hiyo medali yake ya kwanza kabisa. Naye ni mwanamke.

Ndoa na mkeka

"Sawa dada," akasema shemeji yangu wa kwenye boti, "lakini huyo hakuwa na mume wa kumuuliza." Haya, twende kwa wenye familia.

Mmarekani Rusty Kanokogi alishinda mashindano ya New York mwaka 1959 akiwa amejificha kama mwanaume, akanyang'anywa medali alipokiri kuwa ni mwanamke. Baadaye aliolewa na mcheza judo wa Kijapani na kuzaa watoto, na hakuacha. Mwaka 1980 aliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake, akaweka hata nyumba rehani. Kutokana na juhudi za watu kama yeye, wanawake waliruhusiwa kwa majaribio kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, kisha rasmi Barcelona 1992. Wanaume walikuwa wameanza Tokyo 1964. Miaka 28 ya kusubiri!

Mfaransa Clarisse Agbegnenou yeye alitwaa dhahabu Tokyo mwaka 2021, akajifungua mtoto wa kike 2022, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia tena, huku akiendelea kunyonyesha. Paris 2024 akaongeza shaba. Hayo hayawezekani bila mtu wa kumbeba mtoto mama akiwa mkekani.

Huku kwetu, Zanzibar imejifunza mengi kutoka kwa Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani na kufundisha judo kwa miaka mingi, na mwaka 2024 Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania Paris katika judo. Dada zetu wanasubiri nafasi kama hiyo.

Kama mwenzako ana ndoto ya mchezo

Kaeni na kalenda. Mazoezi mara tatu kwa wiki ni saa ngapi? Siku hizo nani anapika, nani anamchukua mtoto? Mkipanga mapema, manung'uniko yanapungua.

Wekeni bajeti. Koti la mchezo, nauli, ada ya klabu. Kama fedha ya kutazama mpira na marafiki ipo, na hii itapatikana.

Nenda ukamtazame. Siyo kumlinda, kumtazama. Utamwona mtu ambaye sebuleni hujawahi kumwona.

Akishindwa, funga mdomo kwanza. Mpe maji, mchukulie begi. "Nilikwambia" iache njiani.

Mimba ikiingia, muulizeni daktari, siyo majirani. Judo si mchezo wa kucheza na tumbo, lakini kupumzika miezi kadhaa siyo kustaafu.

Na wewe dada unayesoma huku ukikumbuka zile raba za uvunguni: usingoje akuulize. Usitazame maji ukanyamaza. Mwambie leo usiku, kwa utulivu, unataka nini na unahitaji msaada gani. Kama hujui uanzie wapi, anza na siku na saa ya mazoezi.