Viwanja vya Kinshasa na Gati la Kalemie

Michezo ya tisa ya Jumuiya ya Nchi Zisemazo Kifaransa, iliyofunguliwa Kinshasa tarehe 28 Julai 2023 na kufungwa tarehe 6 Agosti, haikukusudiwa tangu asili kuchezwa katika ardhi ya Kongo. Ilikuwa imekwisha kukabidhiwa miji ya Moncton na Dieppe katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada. Na wenyeji hao, watu wa nchi yenye mabenki, barabara na hazina isiyotindikiwa, walipoona mwaka 2019 kwamba makadirio ya awali ya dola za Kanada milioni 17 yamepanda hata kukaribia milioni 130, walifunga daftari wakajitoa. Mzigo walioutua wao ndio tulioupokea sisi. Michezo iliyopangwa kuchezwa 2021 ikasogezwa hadi 2022, kisha 2023, na gharama, ambayo mwanzoni ilitajwa kuwa dola za Marekani milioni 48, ikafikia milioni 324 kwa mujibu wa Ukaguzi Mkuu wa Fedha, ambao ni chombo cha serikali yenyewe. Ukizigawa kwa siku 10 za michezo, ni zaidi ya dola milioni 32 kwa kila siku iliyokucha.

Aandikaye habari za biashara akiwa Kalemie, mji wa bandari wa ziwa Tanganyika, hana budi kuuliza ni kiasi gani cha fedha hizo kilichoweza kufika katika soko la mji huu, na aitazamapo ramani ya njia za biashara, jawabu humjia bila taabu. Reli yetu, iliyofika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915, siku ambazo mji uliitwa Albertville, haielekei Kinshasa: shehena iendayo huko hushuka kusini hadi Kamina, ikakata magharibi hadi Ilebo, ikateremshwa tena na kupakiwa katika matishari ya mto Kasai, safari ambayo mwenye mali huianza akiwa hajui ataimaliza lini. Saruji ipikwayo Kabimba, kaskazini ya mji, soko lake la tabia ni Uvira, Bukavu na Bujumbura, ilhali wajenzi wa Kinshasa hujinunulia saruji ya jimbo la Kongo ya Kati lililo karibu nao. Unga, sabuni, mabati na mafuta tunayotumia sisi hutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kigoma. Basi hata kama kila dola ya michezo ile ingalitumiwa kwa uaminifu kamili, mwendo wake ungalikuwa kati ya Kinshasa na nchi za ng'ambo zilizouza viti, taa na vyuma. Kwa Kalemie ni kama karamu iliyofanyika katika nchi nyingine.

Na biashara ya Kalemie si ndogo kiasi cha kutostahili kuangaliwa. Alfajiri, maboti ya wavuvi yarudipo na taa zao, ndakala, yaani dagaa wa ziwa, humwagwa mchangani na kutandazwa kwa mikono. Wanawake walionunua usiku ule ule, kabla hawajaona samaki, husimama juu ya fungu lao wakifukuza kunguru na kuomba jua liwahi, kwa kuwa mvua ya saa moja hugeuza mtaji wa mwezi mzima kuwa uvundo. Samaki hao wakaukapo, hushindiliwa katika magunia kwa ajili ya Lubumbashi na miji ya migodi. Mnunuzi hulipa kwa faranga, au kwa dola, na dola iliyochanika ukingoni kiasi cha ukucha hukataliwa, hata ikiwa ndiyo noti pekee aliyo nayo mtu. Hapo gatini, makuli hupita juu ya ubao mmoja unaoyumba, gunia la unga shingoni, mmoja nyuma ya mwenziwe, tangu asubuhi hadi alasiri, katika bandari ambayo ziwa lilipofurika mwaka 2020 na miaka iliyofuata liliivamia mitaa yake ya ufukoni, likawahamisha watu na maduka yao. Kila saa ambayo boti husubiri zamu yake ni gharama, na gharama hiyo huishia katika bei ya sabuni anunuayo mama wa mtaani.

Ni lazima sasa tuieleze tijara yenyewe ya mashindano makubwa, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba anayealika ndiye anayepokea. Hasha. Wenye mashindano, iwe ni FIFA, CAF au Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, hushika mikononi mwao haki za televisheni na za wadhamini wakubwa, yaani sehemu iletayo fedha taslimu; mwenyeji huachiwa viwanja, barabara, ulinzi, umeme na matibabu, yaani sehemu ilayo fedha, na fauka ya hayo hutakiwa kutia sahihi dhamana za serikali na kusamehe kodi. Katika miaka minne iliyoishia na Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010, FIFA ilipata mapato ya dola bilioni 4.189, ikabakiwa na ziada ya milioni 631. Jiji la Cape Town likabakiwa na uwanja wa Green Point, uliogharimu zaidi ya randi bilioni 4, ambao kwa miaka mingi matunzo yake yametoka katika kodi za wakazi. Brazili nayo, mwaka 2014, ilijenga uwanja wa watu zaidi ya 40,000 huko Manaus, mji wa bandari katikati ya msitu wa Amazon, ukachezewa mechi 4 za Kombe la Dunia, kisha ukaachiwa timu za mji ambazo watazamaji wao kwa kawaida hawajazi majukwaa.

Kongo yetu ilikwisha kuionja habari hii zamani, na ya kwetu ina uchungu wake. Usiku wa manane kuamkia alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa Kinshasa ambao siku hizo uliitwa Uwanja wa Mei 20 na leo huitwa Tata Raphaël, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, na jina la Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, likatajwa katika kila nchi yenye redio. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na aliyeidhamini ahadi hiyo alikuwa Rais Mobutu, kwa mali ya taifa. Shaba ya Katanga, iliyokuwa ikiilisha hazina, bei yake ilifika kileleni mwezi Aprili mwaka huo huo, kisha ikaporomoka. Maduka na mashamba ya wageni yalikuwa yametwaliwa tangu Novemba 1973 na kukabidhiwa watu ambao wengi wao hawakujua biashara. Mwaka 1975 nchi ikashindwa kuwalipa wadai wake wa nje, na mwaka 1976 ikaenda Paris kuomba deni lipangwe upya. Sisemi kwamba ngumi za usiku mmoja ndizo zilizoifilisi Zaire, maana dola milioni 10 ni kitu kidogo mbele ya deni lile lote. Nasema kwamba serikali iliyozoea kuona fahari yake ikipigwa picha ilichelewa kuyatazama mahesabu yake, na waliolipia uchelewaji huo walikuwa walimu, wauguzi na wafanyakazi wa reli, ambao mishahara yao iliendelea kuliwa na kupanda kwa bei miaka mingi baada ya mabondia kurudi kwao.

Tabia hiyo haijatutoka. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kutwaliwa na waasi mwezi Januari na Februari, na watu wa Kivu Kusini wakikimbilia kusini ya ziwa hata kufika kwetu, serikali iliingia mkataba wa miaka minne na klabu ya Barcelona, unaoripotiwa kuzidi yuro milioni 40, ili jina la nchi lionekane katika mavazi ya mazoezi. Kwa mkazi wa Kalemie, ambaye tangu vita vya Watwa na Waluba vilivyopamba moto mwaka 2016 ameishi jirani na kambi za waliohama makwao, habari hiyo ni nzito kuisoma.

Watu wa upande wa pili wana hoja, nayo isikilizwe kwa heshima. Husema kwamba taifa haliishi kwa unga peke yake. Kwamba vijana waliochoshwa na vita wanahitaji siku ya kushangilia. Kwamba bila tarehe ya mashindano serikali haijengi chochote, na kwamba mabweni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, yaliyokarabatiwa ili kuwalaza wanamichezo wa 2023, yasingalipata rangi mpya kwa sababu nyingine yoyote. Hoja hii ya mabweni naikubali, maana bweni hutumika hata mgeni akiisha kuondoka. Ile ya fahari siikubali, na ushahidi wangu ni historia ya soka yetu wenyewe: Kombe la Mataifa ya Afrika tulilitwaa Ethiopia mwaka 1968 na Misri mwaka 1974, Kombe la wachezaji wa ligi za ndani, yaani CHAN, tulilitwaa Côte d'Ivoire mwaka 2009 na Rwanda mwaka 2016, na TP Mazembe ya Lubumbashi ilifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu mwaka 2010 huko Abu Dhabi. Furaha zote hizo, ambazo wazee wa mji huu wangali wakizisimulia, tulizipata katika viwanja vilivyojengwa kwa fedha za wengine. Kilichozileta ni wachezaji, na mchezaji hulelewa kwa kiwanja cha mtaa, mwalimu anayelipwa na ligi isiyosimama katikati ya msimu.

Ng'ambo ya ziwa, jirani zetu wamechagua njia iliyo na busara zaidi, ingawa haikosi hatari. Kenya, iliyowahi kunyang'anywa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996 na CHAN ya 2018 kwa sababu ya maandalizi yake, safari hii imeungana na Tanzania na Uganda: kwa pamoja waliandaa CHAN mwezi Agosti 2025, na kwa pamoja wamekabidhiwa Kombe la Mataifa la 2027. Kugawana mzigo ni jambo jema. Lakini uwanja wa Talanta wa Nairobi, wa watu 60,000, umegharimiwa kwa hati fungani za shilingi za Kenya zipatazo bilioni 44.8, zitakazolipwa pamoja na faida yake kwa miaka 15, na mtoto anayeanza shule leo atakuwa mtu mzima kabla deni hilo halijaisha. Tanzania, kwa upande wake, ilipofungua reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, haikuijenga kwa ajili ya mpira. Mashabiki wataipanda wakati wa mashindano, kisha watapisha abiria na mizigo ya kila siku. Tofauti hii ndiyo ninayoisisitiza: reli huweza kumbeba mshabiki, na uwanja hauwezi kubeba gunia la unga.

Kwa hiyo, Kinshasa itakapoletewa tena barua ya uenyeji, na bila shaka italetewa, wabunge wa jimbo la Tanganyika wasiipigie makofi kabla ya kudai daftari la gharama lenye ukomo, na kabla ya kujua ni kazi zipi zitakazobaki kutumika mashindano yakiisha, na katika majimbo gani. Reli ya kilomita 273 kati ya Kabalo na Kalemie itangulie katika daftari hilo, na gati la ziwani liinuliwe kupita kimo cha mafuriko. Ikisalia fedha baada ya hapo, vijana wa hapa watengenezewe kiwanja chenye nyasi, jukwaa la watu elfu mbili, na bomba la maji ya kunawa.