Mwito wa Mizizi na Gugu Linaloudukiza

Mahindi yaliyoota kwenye udongo wenye fosforasi haba huomba msaada. Mizizi yake hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, kwa kiasi kidogo mno, nazo huharibika upesi; kwa hiyo zinapopatikana udongoni, mzizi hai hauko mbali. Kuvu wa mizizi huzitambua, wakachipuza nyuzi nyingi na kujibu kwa kemikali zao wenyewe. Ndipo mzizi unapowaruhusu kuingia. Kuvu huleta fosforasi kutoka pale mizizi isipofika, na mmea huwalisha sukari na mafuta. Ushirika huu ni mkongwe: visukuku vya Scotland vinauonyesha tangu miaka milioni 400 hivi iliyopita.

Mwito huohuo, hata hivyo, husikika pia kwa kiduha, gugu la maua ya zambarau linalowatesa wakulima wa mahindi na mtama Afrika Mashariki. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na akiba yake ya chakula humalizika siku chache baada ya kuota. Kwa sababu hiyo hulala, pengine zaidi ya miaka 10, mpaka inapopata strigolaktoni. Hapo huota, hujipachika kwenye mzizi na kunyonya maji na virutubisho. Mahindi hudumaa hata kabla gugu halijatokeza juu ya ardhi. Mashamba yaliyochoka ndiyo huumia zaidi, maana huko ndiko mimea huita kwa nguvu.

Sayansi ilianza kwa kumjua adui. Strigolaktoni ya kwanza ilielezwa mwaka 1966, ikiwa kichocheo cha kuotesha mbegu za kiduha. Kazi yake ya kuwaita kuvu ilithibitishwa mwaka 2005 tu.

Ufahamu huu una thamani kubwa shambani. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo wa funza wa mabua. Kiduha nacho kikapungua. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, na nyingine zinazozuia kimzizi chake kukua, hivyo gugu hufa bila kuufikia mzizi wa mahindi. Baadhi ya aina za mtama hujikinga kwa njia tofauti: hutoa strigolaktoni ya umbo jingine, ambayo huziamsha mbegu za kiduha kwa shida.