Mgeni na Jembe: Mipaka ya Muda wa Mwalimu Mgeni wa Kiingereza Jijini Nairobi

Utangulizi

Methali ya Waswahili humtaka mwenyeji amkirimu mgeni kwa siku mbili, na ifikapo siku ya tatu ampe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Hata hivyo, kuna jambo ambalo methali yenyewe haikulitaja, nalo ni saa ya kuliweka jembe chini. Mwalimu anayetoka ng'ambo kuja Nairobi kufundisha Kiingereza hukumbana na swali hilo mapema. Huajiriwa kwa vipindi vya darasani, lakini si ajabu akajikuta akidaiwa jioni zake, Jumamosi zake na hata sehemu ya likizo yake.

Makala haya yanaeleza chanzo cha madai hayo, yanatenganisha yaliyo na msingi na yasiyo nao, na kuonyesha jinsi sheria za Kenya zinavyoyatazama. Hoja kuu ni kwamba sheria haikumsahau mwalimu huyu. Muda wake humegwa kwa sababu kazi yake ingali inatazamwa kama wito, ilhali imekwisha kuwa mkataba.

Wito na Mkataba

Yapata kilomita 20 magharibi mwa kitovu cha jiji, mjini Kikuyu, ipo Shule ya Upili ya Alliance iliyoanzishwa mwaka 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 iliongozwa na Mwingereza Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge aliyefika nchini mwaka 1928 na kufundisha kwanza huko Maseno. Francis hakuoa. Maisha yake yalikuwa darasa, uwanja wa michezo, kanisa na mabweni. Alipoondoka Alliance alikwenda kufundisha Pumwani, mashariki mwa Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida, hadi alipofariki mwaka 1966. Kwa mwalimu wa namna hii, kutofautisha saa za shule na saa zake binafsi kusingekuwa na maana. Yeye aliamini kwamba ameitwa. Nomino "wito" inatokana na kitenzi "ita", na anayeitwa haulizi saa.

Baadaye walikuja wageni wa aina nyingine. Mwaka 1961 ulianza mpango ulioratibiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, ulioleta vijana wa Kimarekani kufundisha katika shule za upili za Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1964 wakafuata wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, ambao mpango wao nchini Kenya ulisimamishwa mwaka 2014 kwa sababu za kiusalama. Hawa walikuja kwa muda maalumu na kwa masharti yaliyoandikwa. Pamoja na hayo, taswira ya mwalimu mgeni asiye na maisha nje ya lango la shule haikutoweka pamoja na wamisionari.

Kiswahili chenyewe kina msamiati unaosaidia kuitambua tofauti hii. Mkabala na "wito" lipo neno "kibarua", ambalo kwa asili ni udogo wa "barua": kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kithibitishe kazi aliyoifanya, naye alipwe. Kibarua kilikuwa na dhiki zake nyingi, lakini kilikuwa na mwisho. Jua lilipotua, hesabu ilifanywa. Mkataba wa ajira wa leo ni mjukuu wa karatasi hiyo, na kazi yake mojawapo ni kusema hesabu inaishia wapi.

Kwa Nini Mgeni?

Kenya ina walimu wake wa Kiingereza, na kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Ndiyo maana mwalimu mgeni hupatikana zaidi katika shule za kibinafsi zenye mitaala ya kigeni huko Westlands, Lavington, Kileleshwa na Karen, na katika baadhi ya vituo vya lugha vya katikati ya jiji. Katika mazingira hayo, mambo manne humweka pabaya anapodaiwa muda wake.

Kwanza ni kibali. Idara ya Uhamiaji, iliyoko Nyayo House, hutoa kibali cha Daraja D kwa mtu aliyepewa kazi mahususi na mwajiri mahususi, mwenye ujuzi usiopatikana nchini. Kwa hiyo, anayekosana na mwajiri hahatarishi mshahara pekee, bali pia uhalali wa kukaa kwake. Mwalimu anayejua hivyo husita kukataa zamu ya Jumamosi hata kama haikuwamo katika makubaliano.

Pili ni nyumba. Shule inapompangia mwalimu makao, na hasa makao hayo yanapokuwa ndani ya ua wake, mwendo kutoka sebuleni hadi kazini huwa dakika chache. Mlango wa nyumba unapokuwa karibu na mlango wa ofisi, kubisha huwa rahisi.

Tatu ni jamaa. Ijumaa jioni ikifika, mwalimu mwenyeji anaweza kuaga kwamba anakwenda Kakamega au Nyeri kwa mazishi, harusi au mahari, na kila mtu akaelewa. Mgeni hana udhuru wa namna hiyo. Hudhaniwa kwamba kwa kuwa hana ukoo mjini, hana shughuli. Hapo ndipo orodha ya zamu za mwisho wa juma inapoanza kumwelemea, pasipo yeyote kukusudia ubaya.

Nne, na hili linawahusu zaidi wanaisimu, ni lugha yenyewe. Mwalimu wa hisabati akiketi mezani kula, hisabati hunyamaza. Mwalimu mgeni wa lugha akifungua kinywa kuomba chumvi, tayari anafundisha. Mzazi wa Lavington ambaye mwanawe anazungumza Kiingereza tangu utotoni hamlipii mgeni ili mtoto ajue lugha, hulipia lafudhi. Kwa sababu hiyo, mwaliko wa chakula cha jioni huweza kugeuka kipindi kisicho na malipo, nayo picha ya mwalimu katika siku ya maonyesho ya shule ikawa tangazo la biashara.

Aina Tatu za Kazi

Ingekuwa kosa kudai kwamba kila kazi inayofanywa baada ya kengele ni dhuluma. Ualimu una kazi zisizoingia darasani. Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, linataka saa za kazi zikadiriwe kwa kuzingatia muda wa kuandaa masomo, kusahihisha, na kukutana na wazazi. Ili kupima madai ya mwajiri, yafaa yagawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi inayozaliwa na somo lenyewe: kuandaa kipindi na kusahihisha insha. Hii ni sehemu ya ualimu, ingawa idadi ya madarasa ikizidi, nayo huwa mzigo usiobebeka. Fungu la pili ni kazi ya kalenda: michezo, tamasha la drama, siku ya wazazi. Hii ni halali maadamu ilijulikana mapema na ilihesabiwa. Fungu la tatu ni kazi ya dharura zisizo dharura: ujumbe wa simu saa nne usiku unaotaka jibu papo hapo, semina ya lazima Naivasha mwisho wa juma, au masomo ya ziada wakati wa likizo. Migogoro mingi huzuka katika fungu hili.

Sheria Inasemaje?

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa katika kazi. Neno lililotumika ni "kila mtu", wala si "kila raia". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamtaja waziwazi mfanyakazi mhamiaji aliyeko nchini kihalali kuwa miongoni mwa wanaostahili fursa sawa. Kifungu cha 10 kinataka saa za kazi ziandikwe katika maelezo ya mkataba. Kifungu cha 27 kinampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na cha 28 siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12.

Upande wa elimu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, na kanuni zake za mwaka 2015 zinaweka vipindi vya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha shughuli nje ya darasa hadi saa kumi na moja kasorobo. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya mwanafunzi, lakini humkinga mwalimu vilevile, kwani darasa lisipokuwapo hakuna wa kuliingia.

Pengo lililosalia ni simu. Ufaransa iliingiza katika sheria zake haki ya mfanyakazi kutopatikana kwa mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi, haki iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Nchini Kenya, Seneta wa Nandi, Samson Cherarkey, aliwasilisha mswada wenye shabaha kama hiyo mwaka 2022, nalo Shirikisho la Waajiri likaupinga.

Funzo kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, mwalimu mgeni na mwalimu Mkenya hukaa katika chumba kimoja cha walimu. Mishahara yao huweza kutofautiana, na tofauti hiyo huzua kinyongo, lakini siku ya mapumziko katika sheria ni ileile. Mwajiri akizoea kumdai mmoja Jumapili yake bila kuulizwa, mwingine naye hatachelewa kufikiwa.

Pili, mgeni wa kesho ni msomaji mwenyewe. Wahitimu wa Kiswahili kutoka Kenya wamekwenda Marekani chini ya mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Masharti ya mpango huo yametaja kikomo cha saa 20 za kufundisha kwa juma, kwa kuwa msaidizi huyo hutakiwa pia kusoma masomo yake mwenyewe. Kikomo kilichoandikwa ni ngao. Lakini hata huko, meza ya mazungumzo ya Kiswahili, tamasha la utamaduni na mwaliko wa kupika chapati huweza kuvuka kikomo kwa kisingizio cha udugu. Anayejua jinsi lafudhi ya mgeni inavyouzwa Nairobi ataitambua biashara hiyo lafudhi yake inapotakiwa.

Hitimisho

Mwalimu yeyote anayekwenda kufundisha lugha ugenini anapaswa kuona mambo manne yameandikwa kabla hajatia sahihi: idadi ya saa kwa juma, siku ya mapumziko, kalenda ya shughuli za nje ya darasa, na malipo au fidia ya kazi inayozidi hapo. Shule nayo hufaidika, kwa sababu mwalimu aliyepumzika hufundisha vizuri, na asiyepumzika huondoka mkataba unapokwisha. Mwenyeji ana haki ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, naye mgeni ana wajibu wa kulima. Ila jua likishatua, jembe hurudishwa ghalani, na mikono iliyolishika ni ya mwenyewe.