Usiutupe mwandiko wako, hata kama ni wa kuku

Fanya jaribio dogo kwanza. Andika jina lako daftarini kama unavyoandika siku zote, halafu nenda ubaoni uliandike tena kwa chaki, kubwa kabisa. Daftarini ulitumia zaidi vidole na kifundo cha mkono. Ubaoni kazi imefanywa na kiwiko na bega, yaani misuli mingine kabisa. Sasa linganisha: ile "a" yako yenye tumbo bado ina tumbo, na "m" iliyolala bado imelala.

Mwaka 1977 mtafiti Mmarekani Marc Raibert alionyesha sentensi moja iliyoandikwa na mtu yuleyule kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, kwa kalamu iliyobanwa na meno, na hata kwa mguu. Mistari ilitetemeka, ndiyo, ila mwandiko ulitambulika. Mrusi Nikolai Bernstein alikuwa ameligusia jambo hilo miaka mingi kabla yake. Kumbe mwandiko haukai vidoleni, unakaa kwenye ubongo.

Hii inakuhusu vipi wewe unayetaka kuandika bango la duka au kadi ya harusi kwa mkono? Wengi wetu tunakimbilia kunakili herufi za mtu mwingine kutoka intaneti, kwa sababu tuliambiwa shuleni kwamba mwandiko wetu mbaya. Matokeo yake herufi zinatoka zimekakamaa. Unapoandika haraka, mkono huchora mkunjo mmoja kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Jicho haliwahi kusahihisha, hivyo ubongo hutuma mwendo mzima ukiwa tayari. Unaponakili polepole, jicho linasahihisha kila hatua, na kila sahihisho huacha kakona kadogo.

Basi anza na mwendo wako mwenyewe. Andika haraka, mara kumi, maneno haya: chapati, ng'ombe, fundi, jikoni, vyura, wali, samaki, zawadi. Yana kila herufi tunayoitumia kwenye Kiswahili sanifu (q na x hatuna kazi nazo). Usijitahidi kupendeza.

Kisha kaa kama mpelelezi. Herufi zinaegemea upande gani? Mkia wa "g" unajikunja au unakatika? Nukta ya "i" iko juu yake au imekimbilia mbele? Kinachojirudia mara nane kati ya kumi ni chako, kitunze. Kinachobadilikabadilika ndicho cha kurekebisha. Kwa maoni yangu, mwingi tunaouita mwandiko mbaya una maumbo mazuri tu. Shida ni kwamba hayafanani: "a" tatu kwenye neno moja, kila moja na urefu wake.

Chagua "a" moja iliyokaa vizuri, maana kwa Kiswahili utaikuta karibu kila neno. Piga mistari miwili kwa rula, weka karatasi nyepesi juu, fuatisha. Dirisha lenye jua linatosha kuwa meza ya mwanga. Ukishapata umbo, nenepesha mistari inayoshuka tu, inayopanda iache myembamba. Ni kama kalamu ya nibu inavyofanya: ukiikandamiza kwenda chini inapanuka na kumwaga wino zaidi.

Makapeni njoo nayo mwishoni, penseli ikishamaliza kazi yake.