Kasongo na Kabambare: chuma kidogo kinachoweza kuokoa mguu wa abiria

Kusini mwa jimbo la Maniema hakuna farasi wa kupanda. Mbung'o, yule inzi wa tsetse anayeleta ugonjwa wa malale kwa watu, anabeba pia vijidudu vinavyoua farasi na punda. Kazi ya farasi inafanywa hapa na pikipiki na baiskeli. Hata hivyo, swali ambalo wapanda farasi hujiuliza wanapochagua vikuku, yaani vile vyuma viwili vinavyoning'inia kando ya tandiko ili mtu atie miguu, linamhusu vilevile abiria anayetoka Kasongo kwenda Kabambare: mguu utakaa juu ya nini, na tukianguka utatoka?

Suala la miguu katika eneo hili si la leo. Mwaka 1870, Mwingereza David Livingstone alikwama kwa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare ya sasa, kwa sababu ya vidonda vya miguuni. Miaka sita baadaye Henry Morton Stanley alipita humo akielekea Lualaba akiwa na punda wa kupanda, na aliandika kwamba walikuwa wa kwanza kuonekana Manyema. Misafara ya Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo, ilitembea kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani mwa watu.

Wapanda farasi wana kanuni iliyotokana na maiti nyingi. Kikuku kikiwa chembamba, kiatu kinabanwa. Kikiwa kipana mno, mguu mzima unapenya hadi kifundoni. Katika hali zote mbili mtu akianguka farasi anaendelea kukimbia huku akimburuta. Ndiyo maana hushauriwa kikuku kizidi upana wa kiatu kwa sentimita 2 na nusu hivi, na kiatu kiwe na kisigino. Vipo pia vikuku ambavyo upande mmoja hauna chuma bali mpira: mguu ukivutwa kwa nguvu, mpira unachomoka na mtu anabaki chini, farasi akienda zake.

Kwenye pikipiki, kikuku ni kile chuma cha kuwekea mguu. Cha abiria, pikipiki ikiwa mpya, kimeundwa ili kikunjwe kuelekea juu. Kinakunjwa ili kisisumbue wakati hakuna abiria. Lakini kuna faida nyingine. Katika majira ya mvua, magari makubwa yanachimba mifereji katika barabara ya udongo, na pikipiki inalazimika kupita ndani yake, ukingo wa udongo ukiwa sawa na mguu wa abiria. Chuma kinachokunjwa kikigonga ukingo kinapanda juu na safari inaendelea. Chuma kisichokunjwa kinachoma udongo, pikipiki inasimama ghafla, na mguu unabaki katikati ya chuma na udongo. Pikipiki ikilala upande, mambo ni hayo hayo.

Sasa tazama kinachotokea chuma cha kiwandani kinapovunjika. Fundi anachukua kipande cha chuma cha kujengea nyumba, anakichomea moja kwa moja kwenye fremu, na kazi imekwisha. Kina nguvu kuliko cha kwanza, na hapo ndipo hatari ilipo: hakikunjiki, hakina mpira, ni cha mviringo na chembamba, na kikipata tope kinateleza kama sabuni. Wengine wanabakiza kile kinachokunjwa lakini pini iliyopotea inabadilishwa na msumari, ambao siku moja unachomoka na abiria anakosa pa kukanyaga katikati ya mteremko. Fundi mwenye akili nzuri anaweza kuchomea tu kile kishikio cha kwenye fremu, akaacha sehemu ya kukunja na pini yake, kisha akafunga kipande cha tairi kuukuu ili mguu usiteleze. Kazi inachukua muda zaidi, lakini haihitaji kifaa chochote ambacho hana.

Mzigo nao una kesi yake. Pikipiki zinazoelekea Kabambare, na zaidi zile za Salamabila penye dhahabu ya Namoya, hubeba bidoni za mafuta na magunia pande zote mbili. Mzigo unakaa pale pale mguu ulipopaswa kukaa. Abiria anabaki na miguu inayoning'inia, na mguu unaoning'inia hutafuta pa kukanyaga wenyewe: bomba la moshi, mnyororo au spoku.

Pikipiki nyingi za hapa zinaundwa India. Huko, kanuni za magari za mwaka 1989 zinadai kila pikipiki iwe na mahali pa abiria pa kushika, pa kuweka miguu, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Waliotunga kanuni hiyo walifikiria sari za wanawake wao. Kikwembe cha mama wa Kasongo kinanaswa vilevile, hasa akikaa upande. Pikipiki iliyoondolewa kinga ili kupata nafasi ya mzigo haifai kumbeba mama aliyekaa hivyo, hata kwa safari fupi ya kwenda sokoni.

Kwa watoto hatari iko hata kwenye baiskeli. Kisigino cha mtoto kikiingia katika spoku, usikivute. Simamisha gurudumu, lirudishe nyuma taratibu au ukate spoku. Osha kidonda kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke mtoto hospitali hata kama anaweza kusimama, maana ngozi ya kisigino iliyobanwa inaweza kuonekana nzima leo na kuoza baada ya siku kadhaa.

Abiria hahitaji kuwa fundi ili kuchagua. Akunje kile chuma kwa mkono: kipande juu, kirudi chini, kisitikisike. Aangalie kama kina mpira na kama ni kipana kiasi cha kubeba nusu ya kiatu. Apande kwa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi kwa kawaida liko kulia. Avae viatu vinavyofungwa, si kandambili. Na kama bidoni imekalia nafasi ya mguu wake, aombe isogezwe kabla ya kupatana bei. Bei ikishakubaliwa, bidoni haisogei tena.