Kila Mbegu na Tundu Lake

Huko California, Marekani, yuko kigong'ota anayegeuza shina la mti kuwa ghala. Gome lote hutobolewa, tundu kando ya tundu, na katika kila tundu hushindiliwa mbegu moja ya mwaloni, kitako kikitazama nje. Mti mkubwa unaweza kuwa na matundu 50,000. Hakuna ndege anayeyatoboa yote maishani mwake. Ukoo huongeza machache kila mwaka na kurithishana.

Lakini kilichoning'ang'ania ni kinachofuata. Mbegu ikikauka husinyaa. Tundu lililoibana ikiwa mbichi sasa linapwaya, na mbegu inayopwaya ni rahisi kuibwa. Basi ndege huzikagua kwa mdomo, akaing'oa iliyolegea, akaitafutia tundu dogo zaidi na kuigonga mpaka ikaze. Kesho yake anarudia. Mimi nilidhani akiba ni kitu ukishakiweka unapumzika.

Watu wa huko nao hawakupumzika. Katika bonde la Yosemite, Wamiwok walisuka vihenge vya mbegu hizo hizo juu ya nguzo, wakavitandika pakanga kufukuza wadudu na kuviezeka kwa magome ya mwerezi. Mwaka 1991 Beverly Ortiz alitoa kitabu kinachoifuata kazi yao ya kugeuza mbegu kuwa chakula, hatua kwa hatua, kupitia mikono ya Julia Parker, mama wa asili ya makabila ya Pomo na Miwok wa pwani aliyeolewa Yosemite. Alifunzwa na bibi ya mumewe, Lucy Telles, msukaji hodari wa vikapu, na kuanzia 1960 alikuwa akiwaonyesha kazi hiyo wageni wa hifadhi ya taifa ya huko.

Kwa Parker kazi huanza kwa kukataa. Mbegu za kwanza kudondoka mara nyingi zina funza. Hizo huachwa chini. Zinazofuata, nzito na nzima, ndizo huokotwa, huanikwa, kisha huwekwa hata mwaka mzima zikauke barabara. Ndipo hupasuliwa, ngozi nyekundu ya ndani ikasuguliwa na kupepetwa, kiini kikatwangwa na unga kuchekechwa. Hapo kwenye kuchekecha ndipo nilipoganda. Ungo ukitikiswa, chenga hukimbia zikaanguka, lakini unga laini kabisa hubaki umeshikamana na msuko. Ule unaokataa kuanguka ndio mzuri, nao huondolewa taratibu kwa brashi ya nyuzi za mmea.

Unga huo bado ni mchungu, kama mihogo michungu kabla ya kulowekwa. Hutandazwa kwenye beseni la mchanga, maji yakamiminwa juu ya tawi la mwerezi ili yasiuchimbe, tena na tena, na anayeamua kuwa yametosha ni ulimi. Uji hupikwa ndani ya kikapu kwa mawe ya moto, mkono ukikoroga bila kusita. Parker amesema wazee walimfundisha kuchukua ardhini kwa kuomba, na kurudisha kwa kushukuru.

Kijiji cha mwisho cha wenyeji bondeni humo kilibomolewa na hifadhi mwaka 1969. Desturi yao ya kuchoma majani chini ya mialoni ilikuwa imekatazwa zamani, na misonobari ikapanda na kuinyima mialoni jua.

Kigong'ota naye hutoboa hata nyumba za watu. Mwaka 2023 iliripotiwa kuwa huko Glen Ellen, California, ukuta wa nyumba moja ulipasuliwa zikamwagika zaidi ya kilo 300 za mbegu. Ndege walikuwa wakizisukuma kwenye tundu, zikitumbukia kwenye uwazi wa ukutani wasikoweza kuzifikia, nao wakaendelea kuleta nyingine. Walikuwa wakitafuta nini kule ambako hakuna mbegu inayokaza? Na mialoni ya Yosemite, ikihitaji tena moto wa wazee, ni nani mwenye haki ya kuuwasha: hifadhi, au wajukuu wa waliobomolewa nyumba?