Madoa ya Damu Ngozini: Dawa au Maradhi?

Mtoto atokwapo na madoa mekundu au ya zambarau mwilini, watu wa nyumbani hugawanyika. Mmoja hulaumu dawa aliyomeza juzi; mwingine husema ni homa. Upande wowote ukikosea, mtoto aweza kupoteza maisha.

Kwanza yafaa kuyatambua madoa yenyewe. Bilauri safi ya kioo hukandamizwa juu ya ngozi. Vipele vingi hufifia; madoa yasiyofifia ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi si rahisi kuyaona, hivyo yatazamwe pia viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope na kinywani.

Maambukizo yanayoogopwa zaidi ni ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Wakiingia katika damu, mishipa midogo huharibika na madoa huenea kwa saa chache. Mgonjwa huwa na homa, hutapika, husinzia, na mikono na miguu yake huwa baridi. Pengine shingo hukakamaa. Huyu huhitaji sindano ya kuua bakteria bila kukawia.

Dawa nazo zina njia yake. Mwaka 1865 tabibu Vipan wa Uingereza aliandika kuwa kwinini yaweza kuleta madoa hayo. Kwa watu wachache, dawa hiyo huufanya mwili uharibu chembe zigandishazo damu. Dawa za salfa zaweza kufanya vivyo hivyo. Madoa huonekana yapata wiki moja tangu kuanza dawa, lakini kwa aliyekwisha kuitumia zamani yaweza kutokea baada ya saa chache. Pua na fizi huweza kutoka damu. Dawa ikiachwa, chembe huongezeka tena kwa siku kadhaa. Mgonjwa hapaswi kuitumia tena maishani.

Ugumu ni kwamba kwinini hupewa mtu ambaye tayari ana homa, na malaria yenyewe hupunguza chembe hizo. Hivyo hakuna mzazi awezaye kukata shauri kwa macho tu. Kazi hiyo ni ya daktari na kipimo cha damu.

Mwenye homa na madoa yasiyofifia ahesabiwe kuwa na maambukizo mpaka daktari aseme sivyo. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane. Zichukuliwe dawa zote alizotumia, za mitishamba pia, na itajwe siku alipoanza kila moja. Tarehe hiyo humsaidia daktari kujua chanzo upesi.